Gitaa: Baada ya Nyimbo Saba, Nini?

Juma hili nina barua ya kijana mmoja anayejifunza gitaa. Asema amekwisha kuzijua nyimbo saba, amezichoka, wala hajui sasa afanye mazoezi ya kitu gani: aongeze wimbo wa nane, akimbilie solo, ama atafute mwalimu. Nilitaka kumjibu kwa posta tu, lakini nikaona swali lake lina historia, tena historia yenyewe ni yetu.

Zamani mwanafunzi wa gitaa hakuwa na nafasi ya kuuliza hivyo. Santuri ndiyo iliyomwamulia. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo huitwa Likasi. Mwenda alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, na gitaa lake lilikuwa gitaa kavu, lile ambalo wengine huliita galatoni. Wimbo wake "Masanga" ukarekodiwa, na santuri zake zikasambaa hadi huku Afrika Mashariki. Mwenye gramafoni akawa na mwalimu wa dakika tatu hivi, maana upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 hauzidi sana hapo. Ukiipunguza mwendo ili usikie vizuri, sauti nayo inashuka, na gitaa lako halilingani nayo tena. Basi unairudisha sindano mwanzo. Kisha unairudisha tena.

Na kulikuwa na mtego. Asiyejua angeapa kwamba wapigaji ni wawili. Kumbe ni mtu mmoja, kwa vidole viwili: kidole gumba kinapokezana kwenye nyuzi nene bila kupumzika, na kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba. Aliyeanza kwa kuufukuza wimbo wa kidole cha shahada alikwama, kwa sababu kidole gumba kilimfuata huko huko. Hapakuwa na hatua ya pili mpaka hicho kimejitegemea.

Jambo moja husahauliwa. Mwenda hakuupiga wimbo wake namna moja kila mara. David Rycroft, aliyeuandika muziki huo kwa nota mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliuonyesha kuwa ni muziki wa kubuni papo hapo: kipande kinarudi, lakini kinarudi kimevaa nguo nyingine. Kwa hiyo bingwa mwenyewe hakuwa na haraka ya kuuhama wimbo. Alikuwa bado anautafuta.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, akaitangaza hata dawa ya Aspro kwa gitaa lake. Magharibi ya Kenya nako vidole viwili vilikuwa na wenyewe. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa mmoja wao, na mtindo huo ulikwenda na chupa ya Fanta ikigongwa na mwenzi wa mpigaji. Chupa ile ilikuwa mwalimu mkali. Ukichelewa, kila mtu anasikia.

Kisha gitaa la umeme likashika nafasi. Katika bendi za dansi, kazi ya vidole viwili vya mtu mmoja ikagawiwa watu watatu: besi, ridhimu na solo. Mimi sizilaumu bendi hizo, nazipenda mno, na nani aliyemsikia Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz asitamani kuwa mpiga solo? Lakini hapo ndipo tamaa ilipohama. Kidole gumba kikapewa mtu wa besi, na mwanafunzi akaanza juu, penye makofi.

Matokeo yake ni haya. Mwaka 1979 Mwingereza mmoja, John Low, alisafiri hadi Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, kuwatafuta wapigaji wa mtindo ule, Mwenda akiwa miongoni mwao. Safari hiyo aliisimulia katika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Wimbo wetu, wa Kiswahili, mtu anavuka bahari kwenda kuitazama mikono inayoupiga, na sisi jirani zake tulikuwa tumekwisha kuuacha. Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Ni wangapi huku walikuwa wamekwenda kuketi mbele yake?

Sasa narudi kwa kijana wetu. Nyimbo saba zinakutosha kwa miezi mingi. Chukua ule wa kwanza uliojifunza, ambao bila shaka ndio uliouchoka zaidi. Kidole cha shahada kipumzishe kabisa. Piga kwa kidole gumba peke yake, polepole, mpaka mtu aliye chumba cha pili aweze kuutaja wimbo huo bila kuuliza. Akiutaja, niandikie tena.