Kompyuta ya ofisi imegoma kupokea apdeti? Angalia haya kwanza

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo ofisi nyingi zinahamia Windows 11. Kwa ofisi iliyo mbali na mjini, mfano Mkwaja wilayani Pangani, kumsubiri fundi kunaweza kusimamisha kazi siku nzima. Kabla hujampigia:

Nafasi. Kodi 0x80070070 maana yake diski imejaa. Hamisha mafaili makubwa, kisha jaribu tena. Windows 11 inataka diski ya GB 64, RAM ya GB 4 na chipu ya usalama TPM 2.0. Mashine isiyo na chipu hiyo haijaharibika, ila haikidhi vigezo.

Bando. Unatumia intaneti ya simu? Windows ikijua bando lina kikomo, huahirisha upakuaji mwingi. Ofisi yenye mashine kadhaa iombe Delivery Optimization iwashwe, ili kompyuta zigawane faili lililokwisha pakuliwa.

Umeme. Laptop iwe kwenye chaji. Apdeti ikianza kusakinishwa, usizime kwa nguvu.

Funguo. Baada ya apdeti, BitLocker inaweza kudai namba ya tarakimu 48. Ukiikosa, mafaili hayafunguki. Hakikisha mapema kwamba afisa TEHAMA anayo.

Ukiona ujumbe kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi, usilazimishe. Piga picha kodi ya hitilafu, mtumie afisa TEHAMA. Atajua pa kuanzia.