Kifaru cha Plastiki na Majina Yasiyoandikwa

Kifaru wa porini ana pembe, ana ngozi nene, na akikasirika hakwepi kichaka. Vita vya karne ya ishirini vilipoleta gari la chuma lenye mzinga, litambaalo kwa minyororo, wasemaji wa Kiswahili hawakuhangaika kutafuta jina. Walilipa gari hilo jina la mnyama huyo, kisha wakaliacha katika ngeli ya vitu. Ndiyo maana twasema kifaru amejeruhiwa tukimkusudia mnyama, na kifaru kimeharibika tukikusudia chombo. Wajerumani nao waliazima majina porini. Walikuwa na Panther, yaani chui. Walikuwa na Tiger, yaani yule chui mwenye milia wa Asia. Na magari yao mawili ya kuwindia vifaru waliyaita Elefant, yaani tembo, na Nashorn, neno ambalo kwa Kijerumani maana yake ni kifaru.

Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za kifaru kilicho kidogo kuliko vyote hivyo: kile cha plastiki, kinachounganishwa mezani kipande kwa kipande kwa kufuata umbo la kifaru cha Kijerumani cha Vita Kuu ya Pili. Mwalimu wa Karusandara anaweza kuuliza: sisi tulio katika tambarare hii ya wakulima na wafugaji, kati ya milima ya Rwenzori na Ziwa George, tuna haja gani na kitu hicho? Swali lake ni la haki, tena lina uzito. Nchi yetu imeviona vifaru vya kweli, kama ilivyokuwa katika mapigano ya Lukaya ya Machi 1979, majeshi ya Tanzania yalipokuwa njiani kuelekea Kampala. Na huko Mpondwe, jirani na Bwera, mwezi wa Juni 2023, wauaji waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Lhubiriha wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mahali penye kumbukumbu kama hizo silaha si mchezo, na mwalimu hawezi kuiweka mbele ya watoto, hata ikiwa ndogo kama kiganja, bila kujua anafundisha nini. Hoja yetu ni kwamba mfano huo waweza kufundisha mengi, mradi mwalimu aonyeshe pia yale ambayo mfano wenyewe hauyaonyeshi.

Yafaa tuanze na jambo linalowashangaza wengi. Majeshi makubwa ya vifaru ya Ujerumani yalitanguliwa na mifano. Baada ya nchi hiyo kushindwa 1918, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliikataza kuunda vifaru au kuviingiza kutoka nje. Jeshi dogo lililobaki likafanya mazoezi kwa vifaru vya uongo: viunzi vya mbao, vikavikwa turubai au bati jembamba, vikapandishwa juu ya motokaa ndogo, vingine vilisukumwa na askari kwa miguu. Jenerali Guderian aliandika baadaye kwamba watoto wa shule walikuwa wakitoboa turubai hizo kwa penseli ili waone kilichomo ndani. Wakati huo huo, kati ya 1929 na 1933, maofisa wa Kijerumani walijifunza kwa siri katika shule ya vifaru karibu na mji wa Kazan, ndani ya Urusi ya Kisovyeti. Hitler alipouvunja mkataba hadharani 1935, mbinu zilikuwa zimekwisha kufikiriwa na kujaribiwa. Kilichobaki ni kuondoa turubai na kuweka chuma.

Katika vifaru vilivyofuata, hakuna kilichopata sifa kama Tiger. Kiliundwa katika viwanda vya Henschel mjini Kassel kuanzia 1942 hadi 1944, na idadi yake yote haikuzidi sana 1,300. Kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 57, mzinga wa milimita 88, chuma cha milimita 100 upande wa mbele, na watu 5 ndani yake. Matangi yake yalichukua lita 540 za petroli. Na hapa ndipo historia yake inapokutana na bara letu, maana mojawapo ya medani zake za kwanza ilikuwa Afrika. Mwishoni mwa 1942 Wajerumani walianza kuvishusha Tunisia ili kuwazuia Waingereza na Wamarekani.

Mwezi wa Aprili 1943, katika vilima vya Tunisia, risasi ya mzinga kutoka kifaru cha Kiingereza ilipiga chini ya mzinga wa Tiger mmoja, ikaingia pale mnara unapozungukia, ikakwama. Mnara haukuweza kugeuka tena. Waliokuwamo walitoka wakakimbia, wakakiacha kikiwa karibu kizima. Namba yake ilikuwa 131, imeandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa mnara. Waingereza walikionyesha kwa Mfalme George wa Sita na kwa Waziri Mkuu Churchill huko huko Tunisia, kisha wakakipeleka Uingereza mwaka huo huo wakichunguze. Tangu 1951 kimo katika jumba la makumbusho la vifaru la Bovington. Mafundi walikifufua injini yake mwanzoni mwa karne hii, na katika filamu ya Fury ya 2014 kilionekana kikitembea chenyewe. Makovu ya risasi zile yangali yanaonekana. Wapima mifano wamekizunguka kifaru hicho kwa kamera na rula kwa miaka mingi, na vifaru vingi vya plastiki vinavyouzwa duniani vimetokana na vipimo vyake. Kwa hiyo mtoto anayeunganisha Tiger huko Ulaya au Asia mara nyingi anaunganisha kitu kilichotekwa katika ardhi ya Afrika.

Ufundi wenyewe wa plastiki si wa zamani sana. Huko Uingereza kampuni ya Airfix, iliyokuja kuwa maarufu kwa ndege na meli za kuunganisha, ilianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa mfano wa trekta la Ferguson. Huko Japani, katika mji wa Shizuoka, kampuni ya Tamiya iliyoanza 1946 kwa biashara ya mbao iliingia katika plastiki 1960. Mwanzoni mwa miaka hiyo ilitoa Panther yenye mota. Shunsaku Tamiya, aliyeiongoza kampuni hiyo baadaye, ameeleza kwamba ukubwa wa mfano ule haukutokana na hesabu yoyote ya heshima: ulipimwa ili betri mbili zienee tumboni. Walipolinganisha na kifaru cha kweli wakakuta kwamba sentimita 1 ya mfano inasimama mahali pa sentimita 35. Kipimo hicho cha 1 kwa 35, kilichozaliwa na betri, kikawa desturi ya ulimwengu mzima.

Kazi ya kuunganisha inadai subira ya mfua fedha. Vipande huja vikiwa vimeshikana na vijiti vya plastiki. Kila kimoja hukatwa kwa kisu kidogo, hupigwa msasa mpaka kovu la kukatwa liondoke, kisha hutiwa gundi ambayo huyeyusha kidogo plastiki ili pande mbili ziwe kitu kimoja. Magurudumu ya Tiger humtoa mtu jasho. Kila upande una ekseli 8, kila ekseli ina magurudumu 3, nayo yanapishana kama vigae vya paa. Ukikosea mpango wa safu ya ndani, ya nje haiingii. Baada ya hapo hufuata rangi: kwanza ya msingi, kisha ile ya kahawia ya jangwani, kisha rangi nyeusi iliyozimuliwa sana ambayo hutiririka katika mifereji na kuzunguka vichwa vya parafujo, ili jicho lione kina. Namba 131 huja katika karatasi ya kulowesha majini. Mwisho hutiwa vumbi na kutu ya kuigiza. Stadi wa kazi hii hutumia majuma mengi kukichakaza kitu kipya.

Sasa tukae kidogo na hesabu, maana hapa pana somo zuri la darasani. Tiger pamoja na mzinga wake kilikuwa na urefu wa karibu mita 8 na nusu. Kwa kipimo cha 1 kwa 35 ni sentimita 24. Kile chuma cha mbele cha milimita 100 hakifiki milimita 3. Mtu mzima huwa na kimo cha sentimita 5. Lakini uzito haufuati njia hiyo, kwa sababu kitu hupungua kwa urefu, kwa upana na kwa kimo kwa pamoja. Tukizidisha 35 mara 35 mara 35 twapata 42,875. Tukizigawanya tani 57 kwa hesabu hiyo, mfano wenye uzito wa haki ungekuwa na kilo 1 na gramu zipatazo 330, nao wa plastiki ni mwepesi kuliko hapo kwa mbali. Uzito, basi, ndicho kitu cha kwanza ambacho mfano hauwezi kutuambia: ule uliobomoa madaraja na uliodai mafuta bila kushiba.

Lakini uzito si jambo kubwa kuliko yote yaliyoachwa nje. Kisanduku kina kila parafujo. Hakina mtu aliyeikaza. Henschel ilitumia maelfu ya watu wa kazi za kulazimishwa, walioletwa kutoka nchi zilizotekwa. Kisanduku hakina nyumba ya mkulima wa Tunisia ambaye vita vilipita shambani mwake. Hakina waliouawa na mzinga ule, wala walioteketea ndani ya Tiger vyenyewe.

Kasoro hii si ya plastiki peke yake. Kumbukumbu zetu za vita nazo zimependa chuma kuliko watu. Mwaka 1915 Waingereza waliiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg katika maingilio ya mto Rufiji. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10, wakaiwekea magurudumu, na mamia ya Waafrika wakaivuta kwa kamba katika mbuga na milima ya Tanganyika. Mmoja wa mizinga hiyo uko Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine uko Jinja, hapa hapa Uganda. Twaweza kuugusa mzinga. Waliouvuta hatuna majina yao. Waingereza na wenzao nao waliwatumia wapagazi wapatao milioni 1 katika vita hivyo, na zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kumbukumbu yao iliyoenea zaidi ni neno: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi yetu ya jina la kikosi cha wapagazi hao. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Vita vya Pili navyo viliwachukua watu wa Uganda wapatao 77,000. Wako wa Keya waliopigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Wako waliojenga barabara, waliopakua meli na kulinda maghala huko Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Hebu tulinganishe. Kifaru kimoja kilichokwama kilimani Tunisia kina namba inayojulikana kwa watoto wa mabara yote. Babu aliyetoka vijiji vya Rwenzori akarudi na kanzidi moja, au asirudi kabisa, mara nyingi hajulikani hata na wajukuu wake.

Kwa hiyo hatuungi mkono wasemao kwamba mfano wa silaha ufukuzwe shuleni, wala hatuungi mkono wauingizao kama pambo. Tunapendekeza hivi. Watoto wetu ni mafundi tayari. Hufinyanga ng'ombe wa udongo na kuunda magari ya waya na makopo. Mwalimu wa hisabati awape vipimo vya Tiger, wakiunde kwa 1 kwa 35 kutokana na vipande vya madumu ya plastiki yaliyotupwa. Mwalimu wa Kiswahili awaulize kwa nini kifaru hiki kimekwama, na kifaru yule amekwama. Mwalimu wa historia afuate na udongo, wafinyange watu wa sentimita 5: wa ndani 5, kisha wa kiwandani, wa kupakua petroli, wa kujenga barabara, na wenye shamba. Wakimaliza wataona wenyewe kwamba kifaru kimezingirwa na watu pande zote.

Halafu watoto watumwe nyumbani, Karusandara, Bwera na kokote kwenye wazee, wakaulize ni nani katika ukoo alichukuliwa kwenda vitani, mwaka gani, na kama alirudi. Majina hayo yaandikwe katika daftari moja litakalotunzwa shuleni, na kila darasa linalofuata liongeze ya kwake.