Bibi Julie Manning na Darasa la Sheria

Ninyi mlio Tabora mnaijua miembe ya njia ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa na kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakwenda peke yao. Wanawake walifuatana nao, wakibeba vyungu na vyakula na kupika kambini. Lakini amri ya safari, kwa kawaida, ilitoka kwa wanaume.

Sasa twende mwaka 1958. Mwezi wa Januari chama cha TANU kilikutana hapa Tabora, kikakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au elimu, au kazi ya cheo. Hebu jiulizeni: ni akina mama wangapi wa Unyamwezi waliokuwa na mojawapo? Hata hivyo mlango ulifunguka. Mwaka huo huo Bibi Sophia Mustafa alichaguliwa katika Jimbo la Kaskazini, akaingia Baraza la Kutunga Sheria.

Kutunga sheria ni kazi moja. Kuamua kesi ni nyingine, nayo hutaka masomo. Oktoba 1961 masomo ya chuo kikuu yalianza Dar es Salaam, katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Yalikuwa ya sheria tu, na wanafunzi 14. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning. Baadaye akawa jaji wa Mahakama Kuu, mwanamke wa kwanza nchini. Mwaka 1975 Rais Nyerere alimteua Waziri wa Sheria, akashika kazi hiyo hadi 1983.

Msidhani yote yalinyooka. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimpa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe, jambo kubwa. Lakini iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na mvulana 18. Kifungu hicho Bibi Manning alikikuta wizarani, na alipotoka alikiacha. Mimi simlaumu yeye peke yake, maana Bunge ndilo hutunga sheria, na wanawake humo walikuwa wachache. Mahakama Kuu ilikikataa mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni: jaji, waziri, sheria. Kisha mmoja wenu awaeleze wenzake: kesi ya mjane kijijini kwenu huamuliwa na nani?