Gololi na Gurudumu

Leo twaeleza asili ya kitu kidogo kibebacho uhai wa wasafiri: beringi ya gurudumu.

Zamani gurudumu la gari la farasi lilizunguka juu ya ekseli tupu. Vyuma vilisuguana, vikapata moto, vikalika. Mwaka 1794 Philip Vaughan, wa Carmarthen huko Wales, alipewa hati ya uvumbuzi wa kutia gololi katikati, ili ziviringike. Lakini gari likikata kona, gurudumu husukumwa ubavuni pia. Mwaka 1898 Henry Timken, muundaji wa magari ya farasi huko Marekani, na mwenzake wakapewa hati ya beringi ya vyuma vya mviringo vilivyopungua unene upande mmoja. Hiyo huhimili uzito wa juu na wa ubavuni.

Motokaa nyingi za zamani zina beringi za namna hiyo magurudumu ya mbele. Ikilika hunguruma, na mwendo ukizidi mngurumo huzidi. Inua gari kwa jeki, uliegemeze imara, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukikoma, shaka ni beringi: imelegea au imelika.

Iliyolika hubadilishwa yote, pamoja na bakuli lake lililomo ndani ya habu. Bakuli la zamani lenye makovu huila beringi mpya upesi. Paka grisi safi, kaza nati huku ukizungusha gurudumu, kisha ilegeze kidogo na utie pini mpya.

Usiudharau mngurumo, gurudumu laweza kung'oka njiani. Kwaherini.