Barafu ya bahari: istilahi inayombeba dubu mweupe

Habari za ncha ya kaskazini zikiletwa kwa Kiswahili, neno moja hubebeshwa mzigo wote: barafu. Iliyo kileleni Kilimanjaro ni barafu, iliyofunika Greenland ni barafu, ya kwenye jokofu dukani ni barafu, na anayoikanyaga dubu mweupe ni barafu vilevile. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Katika habari za sayansi, mkanganyo unaotokana na hapo ni mkubwa, na anayeumia zaidi ni msomaji anayetaka kuelewa kwa nini mnyama huyu yuko hatarini. Kwa hiyo tuitazame istilahi moja kwa makini: barafu ya bahari.

Maana yake ni maji ya bahari yenyewe yaliyoganda. Hayakushuka mlimani, wala si theluji iliyorundikana juu ya nchi kavu karne kwa karne. Maji matamu huganda kwenye nyuzi sifuri za selsiasi, lakini ya bahari, kwa sababu ya chumvi, husubiri mpaka nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri. Kwanza huzuka chembe ndogo ndogo, zikashikana zikawa utando, na utando ukaendelea kunenepa hadi kuwa bamba. Wakati huo chumvi hutengwa na kuchuruzika kurudi baharini kupitia vijia vyembamba, hata barafu iliyokaa miaka kadhaa ikiyeyushwa hunyweka. Wainuit, wenyeji wa ncha ya kaskazini, wanalijua hilo tangu enzi za mababu. Barafu ya msimu mmoja huwa na unene wa mita 1 hadi 2, na ile iliyovuka viangazi kadhaa hufika mita 3 na kuzidi. Huko ncha ya kaskazini barafu ya bahari hutanda mpaka upeo wake mwezi Machi, kisha hupungua hadi Septemba. Tangu setilaiti zianze kuipima mwishoni mwa miaka ya 1970, Septemba iliyokuwa na barafu kidogo kuliko zote ni ya mwaka 2012, ilipobaki takriban kilomita za mraba milioni 3.4.

Wapo wanaoandika “barafu ya baharini”. Naona haifai, na sababu imo katika kile kiambishi -ni. Tukisema chumvi ya bahari au maji ya bahari tunataja asili, na tukisema “ya baharini” tunataja mahali. Siwa barafu, yaani lile pande kubwa linalomeguka kutoka nchi kavu na kuelea, liko baharini kweli, lakini si zao la bahari. Lilitokana na barafuto, jina ambalo tayari linatumika kwa barafu ya milimani na ya nchi kavu inayosogea polepole kwa uzito wake yenyewe. Wengine huunganisha wakaandika “barafubahari”. Muundo huo sina ugomvi nao, ila naona maneno matatu yanaeleweka na kila mtu bila kufafanuliwa, na istilahi inayojieleza yenyewe ina heri.

Tofauti hiyo inatuhusu hata sisi wa mwambao. Barafu ya bahari inaelea tayari, kama kipande cha barafu ndani ya glasi ya maji, kwa hiyo ikiyeyuka haibadilishi kimo cha bahari ila kwa kiasi kidogo mno. Maji yanayosogelea nyumba za Lamu na mashamba ya Unguja hutokana na barafu ya nchi kavu ya Greenland, Antaktika na milimani, pamoja na maji ya bahari yenyewe kutanuka yanapopata joto. Chanzo cha balaa zote mbili, ya dubu kukosa barafu na ya bahari kupanda, ni kimoja, ongezeko la joto duniani, lakini njia ni tofauti. Picha ya dubu ikiwekwa juu ya habari ya bahari kupanda, msomaji hufundishwa kosa.

Sasa tumwendee dubu mwenyewe. Jina lake la kisayansi, Ursus maritimus, alilolitoa Mwingereza Constantine Phipps mwaka 1774, maana yake ni dubu wa bahari, na kwa kweli maisha yake yote yameegemea bahari iliyoganda. Chini ya bamba huota mwani, mwani huliwa na vijidudu, vijidudu huliwa na samaki, samaki huliwa na sili. Sili ni mnyama anayevuta hewa, hivyo hukwangua matundu ya pumzi kwenye barafu kwa kucha za mapezi yake ya mbele, na huyatunza majira yote ya baridi yasizibe. Dubu hulinusa tundu hata likiwa limefunikwa na theluji. Hulala kifudifudi, kidevu karibu na ukingo, akatulia tuli kwa saa nzima au zaidi. Sili akipandisha pua, hupigwa kwa kiganja na kung’atwa kichwani, kisha huvutwa juu. Dubu huanza na shahamu, na mara nyingi nyama huwaachia mbweha weupe. Ondoa bamba hilo, na uwindaji wote huo haupo, kwani majini sili humshinda dubu kwa mbali.

Wainuit, ambao wamewinda hapo kwa maelfu ya miaka, hawana shida ya istilahi. Barafu ya bahari wanaiita siku, neno linalofanana na letu bila undugu wowote. Ile iliyoshikamana na pwani ni tuvaq, na tundu la pumzi la sili ni aglu.

Kwenye Ghuba ya Hudson, Kanada, barafu ya bahari hutoweka yote kila kiangazi. Dubu hupanda nchi kavu karibu na mji wa Churchill na kufunga, wakipoteza takriban kilo 1 ya uzito kwa siku, hadi bahari igande tena mwezi Novemba. Mwaka 1999 mtafiti Ian Stirling na wenzake walionyesha kwamba kadiri barafu inavyomeguka mapema, ndivyo dubu wanavyokonda na kuzaa kidogo. Hesabu ya dubu wa magharibi mwa ghuba hiyo ilikuwa 842 mwaka 2016, na 618 mwaka 2021. Huenda baadhi yao walihamia kwingine, lakini mwelekeo huo ni wa miongo kadhaa. Katika Bahari ya Beaufort nako, mwaka 2008, jike mmoja aliyefungwa kola ya setilaiti aliogelea kilomita 687 kwa siku 9 bila kupumzika akitafuta barafu. Alipoteza asilimia 22 ya uzito wake, na mtoto wake wa mwaka mmoja.

Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Kristin Laidre walieleza habari za kundi la dubu mia kadhaa wa kusini-mashariki mwa Greenland, ambako barafu ya bahari hukaa siku kama 100 tu kwa mwaka. Siku zilizobaki huwinda juu ya vipande vilivyomeguka kutoka barafuto na kujazana kwenye ghuba nyembamba. Jaribu kuisimulia habari hiyo kwa neno “barafu” peke yake, utaona haisimuliki: dubu aliyepoteza barafu anaishi juu ya barafu! Kwa istilahi mbili inaeleweka mara moja. Inaeleweka pia kwa nini watafiti hao hawakuichukulia kuwa wokovu wa jamii nzima ya dubu, kwani pwani zenye barafuto inayofika baharini hivyo ni chache.

Wahariri, wafasiri na walimu wa jiografia, naomba jambo moja. Kila habari inapomhusu dubu mweupe, andikeni barafu ya bahari kwa ukamilifu wake, angalau mara ya kwanza inapotajwa, na barafuto pale inapohusu nchi kavu. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) nao waziweke istilahi hizi mbili bega kwa bega katika orodha zao, kila moja na fasili yake.