Kula Ugenini Pwani ya Ziwa Mweru

Mgeni ashukaye basini Kashikishi, mji wa wavuvi katika wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, hana haja ya kuuliza sana mahali pa kupata chakula. Harufu ya samaki humwongoza hadi sokoni, na kando ya soko atakuta meza, mabenchi na masufuria yanayotoka mvuke. Atakayetafuta hapa mikahawa ya kila namna kama ile ya Mombasa au Dar es Salaam, ambako pilau, chapati, mishkaki na maharage ya nazi hupatikana katika mtaa mmoja, atavunjika moyo. Orodha ya vyakula ni fupi: ugali, aghalabu wa muhogo, samaki wa jamii ya perege aitwaye pale, vidagaa viitwavyo chisense, kisamvu, ambacho Wabemba hukiita katapa, na chai. Walakini ufupi wa orodha hii unadanganya. Kila kilichomo kina historia yake, na historia hiyo inatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Tumezoea kusema kwamba nyumba za kuuza chakula kilichopikwa zililetwa bara na reli, pamoja na duka la Mhindi na boma la Mzungu. Huenda ni kweli kwa Nairobi. Lakini reli haijafika Kashikishi hata leo. Basi yafaa tuulize upya: mtu aliyekuwa mbali na jiko lake, katika pwani hii, alikula wapi, na kwa haki gani?

Jibu la kwanza ni kwamba alikula kwa Mwata. Masimulizi ya nchi ya Luapula yanamtaja mwanamke aitwaye Nachituti, ambaye mwanawe aliuawa na ndugu yake mwenyewe, chifu Nkuba wa Washila, waliokuwa wenyeji wa ziwa. Nachituti alimwendea Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, akamwomba alipize kisasi. Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti alimkabidhi Mwata kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani ardhi na ziwa. Kwa maoni yangu masimulizi haya hayaelezi utawala tu, bali yanaeleza pia nani alipaswa kulisha. Aliyepokea udongo na maji hakuweza kumwacha mgeni alale na njaa. Na Walunda walikuwa na cha kulishia, kwani waliufikisha Luapula, katika safari zao za kutoka magharibi, muhogo ule ambao Wareno walikuwa wameuleta Afrika kutoka Marekani ya Kusini.

David Livingstone aliliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na baada ya majuma mawili hivi akafika katika mji wa Kazembe, kusini mwa ziwa. Katika shajara yake ameandika habari za zawadi za Mwata: kikapu kikubwa cha samaki waliokaushwa kwa moto, pombe, na muhogo. Hakulipa bei. Alichotoa yeye kilikuwa zawadi pia, na kila upande ulijua kwamba zawadi hupimwa kwa macho.

Lakini kuna mlo mwingine katika shajara hiyo, ambao ningependa kila mwalimu wa Kiswahili aukumbuke. Mjini kwa Kazembe alikuwapo mfanyabiashara aitwaye Muhamad Bogharib, aliyefika siku chache kabla ya Mzungu huyo. Bogharib alimpelekea Livingstone tambi, mafuta na asali, na unga wa muhogo uliopikwa ukawa mfano wa halua. Tena kulikuwa na kahawa. Livingstone anakiri kwamba hakuwa ameonja asali wala sukari tangu alipoondoka Ziwa Nyasa mwezi wa Septemba 1866. Tazama jinsi sahani hiyo ilivyokuwa: tambi na kahawa za pwani zimebebwa vichwani mwa watu mamia ya maili, na muhogo wa Luapula umepikwa kwa ustadi wa mpishi wa Kiswahili. Lau ningetakiwa kutaja mkahawa wa kwanza wa nchi za Mweru, ningeitaja kambi hiyo, maana neno lenyewe mkahawa limezaliwa na kahawa.

Hapana budi niseme na upande wa pili, kwa kuwa wengi wetu tukieleza misafara huishia kwenye utamu wa kahawa. Livingstone anaandika katika habari hiyo hiyo kwamba Bogharib alikuwa na watumwa wengi mno. Watu waliofungwa walikuwa hatua chache kutoka palipomiminwa asali. Mwaka huo huo Tippu Tip alikuwa amemshinda Nsama wa Itawa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, akatwaa pembe nyingi. Naye mwenyewe amesimulia vita hivyo kwa Kiswahili safi katika kitabu cha maisha yake. Tunakisoma kitabu hicho kwa ajili ya lugha, na ni haki. Lakini lugha yetu haikufika Mweru mikono mitupu.

Msafara huo ulileta pia neno la pili la kula ugenini, nalo ni posho. Mpagazi hakuwa mgeni wa mtu. Alipewa kipande cha kitambaa au shanga, akanunue chakula chake njiani. Hivyo posho ilikuwa kipimo, na kipimo hakina salamu. Wakati wa ukoloni neno hilo lilihamia katika migodi ya shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya maelfu ya wafanyakazi Katanga, na hao walitakiwa kulishwa. Wafanyabiashara wa Kigiriki walikaa Kasenga, katika ukingo wa magharibi wa mto Luapula, wakawanunua samaki wa mto na ziwa, wakawatia katika barafu na kuwasafirisha kwa malori hadi Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi. Migodi ya upande wa Rhodesia ya Kaskazini ilipopanuka, nayo ilitaka samaki. Ziwa likawa jiko la migodi ya nchi mbili.

Aliyeumia kwanza ni samaki aitwaye mpumbu. Huyu alikuwa akipanda mto Luapula wakati wa mvua ili kutaga mayai, akienda kwa makundi makubwa, na nyavu zilitegwa katika njia yake hiyo hiyo. Ilipofika miaka ya 1950, uvuvi wa mpumbu ulikuwa umeporomoka. Leo mgeni hataletewa mpumbu kama chakula cha kawaida mezani Kashikishi. Pale alichukua nafasi yake, na pale alipoanza kuadimika katika miaka ya 1970 na 1980, wavuvi waliwageukia chisense, wanaovutwa kwa mwanga wa taa usiku usio na mbalamwezi na kuanikwa juani asubuhi. Kwa hiyo asemaye kwamba chisense ni chakula cha asili cha watu wa Mweru hakosei kabisa, ila kuwafanya kuwa tegemeo la biashara ni jambo la juzi.

Sasa tumefikia mabenchi ya soko. Wachuuzi, wengi wao wanawake, hutoka miji ya Copperbelt, kama Kitwe na Ndola, wakaja kununua samaki. Mchuuzi hawezi kuondoka mpaka magunia yajae, na magunia hujaa kwa kadiri ya upepo, mwezi na bahati ya wavuvi. Hana jiko, hana jamaa, na hapewi posho. Hapo ndipo chakula cha kununua kilipopata mteja wake wa kweli. Muuza chakula wa Kashikishi huuza ugali, lakini kwa hakika huuza pia mahali pa kungojea: kivuli, maji ya kunawa, na habari za mtumbwi gani umerudi na nini. Ndiyo sababu nyumba nyingi za namna hii, tangu Zanzibar hadi Kisumu, tunaziita hoteli ingawa hakuna alalaye humo. Wengine hulicheka neno hilo kana kwamba tumeliazima vibaya. Mimi naona tulilitohoa kwa akili, kwani alichohitaji msafiri wetu kwanza ni kuketi na kula.

Kungojea huko huwa kurefu zaidi tangu Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, wakati uvuvi unapofungwa kwa sheria ili samaki wazae. Majuma hayo meza hupungua, na kuku huchukua mahali pa pale. Wapishi hunung'unika. Lakini anayekumbuka mpumbu hawezi kuilaumu sana sheria hiyo.

Kiswahili nacho kimerudi Mweru mara kwa mara, kwa njia ya maji, tena mara nyingi kwa sababu ya huzuni. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na watu wa Pweto na Kilwa ya Katanga huzungumza Kiswahili chao. Mwezi wa Desemba 2000, Pweto ilipotekwa vitani, maelfu walikimbilia Zambia. Mwaka 2017 wengine wakavuka, wakapokelewa Kenani, na tangu mwanzoni mwa 2018 wakapewa makazi Mantapala, katika wilaya hii hii ya Nchelenge. Huko walikutana tena na chakula cha kupimwa kwa kichwa cha mtu, ile posho ya wapagazi na ya migodi.

Nilipofika Kashikishi niliketi kwenye benchi la mama mmoja aliyetoka ng'ambo. Alinisikia nikisema na mwenzangu, akaniuliza, "Baba, utakula bukari ao mupunga?" Nikajibu kwamba nitakula ugali. Akacheka, akaniambia ugali ndiyo hiyo bukari, na kwamba wateja wake wa hapa huiita ubwali. Yeye huitikia majina yote matatu. Alinipakulia, akaweka pale wa kukaanga, kisha akaongeza kibakuli cha sombe, yaani kisamvu, nisichokiagiza. Wakati wa kulipa alihesabu bukari na samaki. Nilipomwonyesha kibakuli kile alitikisa kichwa, akasema, "Ile ni ya mugeni."