Risasi, Baruti na Fataki: Ufundi wa Kushindilia Bunduki katika Historia ya Kisangani

Utangulizi

Katika Marekani na baadhi ya nchi za Ulaya wako watu wanaojitengenezea risasi za bunduki kwa burudani. Huyeyusha madini ya risasi na kuyamimina katika kalibu. Hutia fataki mpya katika ganda lililokwisha kutumika, hupima baruti, kisha hukaza risasi mdomoni mwa ganda. Kwao hiyo ni kazi ya kupitishia jioni. Katika Kisangani, mji ulio chini ya maporomoko ya Boyoma, ufundi wa jamii hiyo ulikuwa sharti la kuishi, la kufanya biashara na la kutawala. Makala haya yanauchunguza ufundi huo katika miaka ya 1880 na 1890. Hoja yake ni kwamba nguvu haikuwa kwa mwenye bunduki bali kwa mwenye kuweza kuijaza, na kwamba risasi za kiwandani zilimnyang'anya mpiga bunduki uwezo huo na kumweka chini ya hesabu ya mkuu wake.

Ushahidi wa msamiati

Lugha imehifadhi habari hizi vizuri. Neno risasi limetokana na Kiarabu, na kwa asili ni jina la madini. Baadaye ndipo lilipopewa kile kitokacho katika mtutu. Baruti na kalibu nayo yalikuja kwa njia ya Kiarabu, na fataki imetoka Bara Hindi. Lakini kitendo chenyewe, kushindilia, kina jina la Kibantu. Vitu vilitoka ng'ambo. Kazi ya mkono ilikuwa ya wenyeji.

Bara neno liliendelea kubadilika. Katika Kilingala risasi ikawa lisasi, silabi ya kwanza ikachukuliwa kuwa kiambishi cha umoja, na wingi wake ukawa masasi. Umbo hilo la masasi limeenea pia katika Kiswahili cha Kongo.

Gobori na njia ya baruti

Bunduki zilizoletwa na misafara kutoka pwani zilikuwa zaidi magobori, yaani bunduki za kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Mpigaji alimimina baruti, akatia kizibo, akateremsha risasi au marisaa, akashindilia kwa mdeki, kisha akaweka fataki chini ya nyundo. Kila mlio ulikuwa kazi ya mkono mmoja, na ubora wake ulitegemea kipimo cha mpigaji mwenyewe.

Katika viungo hivyo, risasi ndiyo iliyopatikana kwa urahisi zaidi. Madini hayo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 za Selsiasi, hata moto wa makaa unatosha. Yalipokosekana, vipande vya chuma vilitumika. Na Wayeke wa Msiri, wenye shaba yao ya Katanga, walitengeneza risasi za shaba. Baruti na fataki, kinyume chake, zilibebwa mabegani kwa miezi mingi kutoka mwambao. Bunduki zenyewe hazikuwa haba: mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Kwa hiyo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili anaeleza kuwa jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake, alikuwa bwana wa njia ya baruti kabla ya kuwa bwana wa watu.

Mkataba wa mwaka 1887

Matukio mawili yanaonyesha jambo hili. Mwezi wa Agosti 1886 kituo cha Dola Huru ya Kongo kwenye maporomoko kilishambuliwa na Waarabu na wafuasi wao. Kapteni Deane alikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Lakini risasi zilipokaribia kwisha, askari wake wengi waliondoka kwa mitumbwi, na kituo kikaangamia. Risasi za ganda hazikuweza kuundwa papo hapo.

Februari 1887, huko Zanzibar, Stanley alimwajiri Tippu Tip kuwa wali wa maporomoko kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Tippu Tip naye aliahidi kutafuta wapagazi 600 wa kupeleka risasi kwa Emin Pasha, ambaye askari wake walitumia bunduki za Remington. Wapagazi hao wangekuja na magobori yao, Stanley akitoa baruti na fataki. Baruti hiyo haikufika kama ilivyoagizwa, na Tippu Tip akaona kuwa mkataba umevunjwa. Wapagazi wakachelewa, na kikosi cha nyuma kikakaa Yambuya, katika mto Aruwimi, kikiteketea kwa njaa na maradhi. Wanahistoria wengi wamelaumu tabia ya mtu huyu au yule. Mzizi mmoja wa msiba huo ulikuwa mapipa ya baruti.

Kutoka kipimo hadi hesabu

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 uliipa hali hiyo nguvu ya sheria. Ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingizwa kwa biashara katika sehemu kubwa ya Afrika, ukiruhusu kwa masharti magobori ya gumegume na baruti ya kawaida. Katika vita vya 1892 hadi 1894 majeshi ya Dola Huru, yenye bunduki za Albini, yaliwashinda Waarabu, na Kisangani ikatwaliwa mwaka 1893.

Kwa Kiswahili cha zamani cha mwambao, risasi ya ganda iliitwa kiasi cha bunduki. Jina hilo lina maana kubwa. Aliyebeba baruti katika pembe aliipima mwenyewe, na hakuna aliyejua atapiga mara ngapi. Risasi ya ganda imekwisha kupimwa kiwandani. Kwa hiyo mkuu anaweza kutoa kumi na kudai hesabu ya kumi. Ripoti ya Roger Casement, iliyochapishwa mwaka 1904, ilieleza matokeo yake katika nchi za mpira za Equateur, mbali chini ya mto kutoka Kisangani, lakini chini ya jeshi lile lile: askari walitakiwa kurudisha risasi ambazo hazikupigwa, na kwa kila iliyopigwa walete mkono wa kuume wa mtu. Mikono ya watu ikawa stakabadhi.

Hitimisho

Ufundi wa kushindilia haukuwa na utakatifu. Ulitumika kuteka watumwa na kuchoma vijiji. Hata hivyo ulimwachia mpigaji sehemu ya uamuzi ambayo risasi za ganda ziliiondoa. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana Kisangani kwa siku sita na kuua mamia ya raia, masasi yaliyoanguka mjini yalikuwa yametoka mbali. Mhobia wa Ulaya anapopima baruti mezani pake, anarejea kwa hiari kwenye kazi ambayo historia ya Kisangani haikuitoa kwa hiari. Mwanafunzi wa historia hiyo asiulize tu ni nani aliyekuwa na bunduki. Aulize pia ni nani aliyeijaza, na ni nani aliyehesabu.